Jina la Rukia Kifuani

Mwezi uliopita tulimzika mama mdogo Hadija. Kwenye khitma yake, katika ukumbi wa kukodi kule Alief, Houston, mwanamke mmoja mwenye mtandio wa kijani alishika kipaza sauti akasema kwamba marehemu ndiye aliyenitia moyo wa kukimbia. Alisema mama mdogo alikuwa akiniamsha alfajiri, akinipikia uji, akinisindikiza mpaka mlangoni na dua. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na sahani ya pilau mapajani, goti langu la kushoto nimelinyoosha kwa sababu siku hizi halikunjiki vizuri, na nusura nicheke mbele za watu. Mama mdogo alinifukuza nyumbani kwake kwa sababu ya mbio hizo. Nguo zangu alizitia mwenyewe kwenye mifuko myeusi ya taka, akaipanga nje ya mlango, kando ya pipa alilokuwa akijaza vitu vya kupeleka Tanga. Sisemi haya kwa kumchafua. Nilimpenda, na nitaeleza kwa nini. Ila uongo wa msibani nilishauonja mara moja, nikiwa na miaka ishirini na sita, na niliapa kwamba hautapita tena mbele yangu nikiwa nimenyamaza.

Mwaka ule ndio aliofariki dada yangu Rukia. Sote wawili tuliishi kwa mama mdogo, ghorofa ya pili, kwenye majengo yenye ngazi za chuma zilizokuwa zikiunguza mikono wakati wa joto. Mimi nilifanya kazi kwenye ofisi ya bima na jioni nikisoma uhasibu. Rukia alihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, akirudi na kiu ya chai na visa vya bibi mmoja aliyekuwa akimwita kwa jina la mbwa wake wa zamani. Tulilala chumba kimoja, vitanda viwili, feni katikati. Kwa muda mrefu alikuwa akitokwa na damu isiyo ya siku zake, na mimi niliyelala hatua chache kutoka kwake sikujua. Alinunua pedi maboksi makubwa, akasema kwamba ukinunua nyingi zinakuwa rahisi. Alipoanguka kazini na kupelekwa hospitali, saratani ilikuwa imeshatoka kwenye shingo ya kizazi na kusambaa mgongoni. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto, akasema, "Ningemwambia nani, Salma? Ningeanzaje?" Na wiki zake za mwisho, mama mdogo akiwa jikoni anamchemshia mchuzi wa kuku ambao hakuweza kuunywa, alinishika mkono akasema, "Watasema ni tumbo. Usiwaache waseme ni tumbo."

Wakasema ni tumbo. Nakumbuka sebule ile siku ya msiba: mapazia yamefungwa, televisheni imegeuziwa ukutani, harufu ya udi imechanganyika na ya kiyoyozi kilichohitaji kusafishwa. Wanawake walikuwa jikoni wakichambua mchele kwenye sinia, nami nimeegemea jokofu nikiwasikiliza. Mmoja alisema tumbo lilimsumbua tangu alipokuja Marekani, vyakula vya huku vina dawa. Mwingine akasema yeye amesikia ini. Wa tatu, kwa sauti ya chini, akasema kuna maradhi mengine ni ya wasichana waliotembea sana, Mungu atustiri. Mama mdogo alikuwa anakaanga vitunguu. Hakugeuka. Alisema tu, "Tumbo. Lilikuwa tumbo," akaendelea kukoroga, na jiko zima likafuata neno lake kama watu wanavyofuata imamu.

Saa ileile mlango ukagongwa, akaingia mwanamke mrefu aliyevaa sare za nesi, amebeba chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha. Alikuwa Wambui, Mkenya aliyefanya kazi pamoja na Rukia. Nilikuwa nimemwona hospitalini mara mbili. Akampa mama mdogo mkono, akasema bila kupunguza sauti, "Pole sana, mama. Cancer ya cervix ni mbaya, aki. Tumepoteza msichana mzuri." Mtu aliyekuwa anachambua mchele aliacha mikono hewani. Mama mdogo akapokea chapati kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mwanangu. Lilikuwa tumbo." Wambui akamtazama, akanitazama mimi, kisha akatoka. Nikamfuata mpaka kwenye ngazi.

Tulikaa pale kwenye vyuma vya moto na akaniambia habari za baba yake kule Murang'a. Alikuwa na saratani ya umio, na nyumba nzima ikasema ni vidonda vya tumbo mpaka mzee akashindwa kumeza chai. "Mimi nilikuwa nesi tayari," alisema. "Nilikuwa najua. Nikaambiwa ninyamaze, nisimtishe mzee. Nikanyamaza. Sinyamazi tena, Salma, hata mtu akinichukia." Halafu akanieleza kuhusu kikundi chake. Walikuwa watu wa kila rangi, wengi wao hawakuwahi kukimbia hata kuliwahi basi. Wanajiandaa kwa marathoni, marafiki na jamaa wanawachangia, na pesa zote zinakwenda kwenye utafiti wa saratani. Kila mmoja anakimbia kwa jina la mtu wake. "Mimi ni kwa baba. Wewe kuja ukimbie kwa Rukia."

Nikamwambia sijawahi kukimbia tangu shule ya msingi.

"Kwani nimekuuliza?" akasema.

Nilianza kwenye bustani moja karibu na nyumbani, kiangazi kikiwa kimeshaiva, hewa ya Houston nzito kama mvuke unaotoka ukifunua sufuria. Nilivaa suruali pana na blauzi ya mikono mirefu, mtandio nimeubana kwa pini nne. Siku ya kwanza nilitapika kwenye nyasi kabla hatujaimaliza bustani mzunguko mmoja. Wambui alisimama pembeni akinywa maji. "Maliza kutapika tuendelee," alisema. "Hiyo si excuse." Wanawake niliowajua kutoka msikitini walipunguza magari yao wakashusha vioo. Mmoja aliniuliza kwa huruma ya kweli kabisa, "Binti, unafukuzwa na nani?" Nilikosa pumzi ya kumjibu. Leo ningemwambia: nafukuzwa na ninyi, na mimi ndiye ninayewakimbilia. Lakini majibu mazuri hunijia miaka baadaye, nikiwa naosha vyombo.

Lazima niseme ukweli wote: mama mdogo alinisaidia kuchangisha. Kila Ijumaa tulikaanga sambusa za kuuza baada ya swala, yeye akikunja manda kwa kasi ambayo sijawahi kuifikia, vidole vimejaa unga, mimi nikitia nyama. Wanawe wawili wa kike, waliozaliwa hapahapa, walikuwa wakidokoa zile zilizopasuka na kutujibu kwa Kiingereza. Wateja walipouliza pesa ni za nini, mama mdogo aliwahi kujibu kabla yangu: "Za utafiti wa maradhi ya moyo." Tukiwa kwenye gari nilimuuliza tangu lini Rukia alikufa kwa moyo. Aliwasha taa ya kukata kona, akatazama barabara, akasema, "Mtu mwenye njaa hakuulizi sambusa imekaangwa kwa mafuta gani. Pesa si zinafika? Basi." Zilikuwa zinafika, hilo ni kweli. Lakini moyoni sikukubali.

Joto lilipopungua, kikundi chetu kilikwenda Fort Worth kukimbia nusu marathoni, kama majaribio. Kanisa la Wambui lilitutafutia pa kulala Haltom City, kwa mama mmoja Mkongo aliyeitwa Mama Espérance. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye nyumba iliyojaa viti vya plastiki kwa sababu kwaya ilifanyia mazoezi kwake. Tulikimbia asubuhi, kando ya mto, upepo ukitupiga usoni. Nilimaliza nikichechemea, nimevaa fulana iliyoandikwa neno moja kifuani: Rukia. Tuliporudi tulikuta ugali wao wa fufu, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa chumvi, na Mama Espérance akatukataza tusioge kwanza, akasema mtu aliyetoka mbio anakula na jasho lake. Wambui akalala kwenye kochi na viatu miguuni. Mimi nikaingia jikoni kusaidia kuosha sahani.

"Huyu Rukia ni nani?" aliniuliza, akinionyesha kifua kwa mwiko.

"Dada yangu. Amefariki mwaka huu."

"Pole, maman. Alikufa na nini?"

Nilitazama mlangoni. Sebuleni walikuwapo wanaume wawili wa kwaya na mumewe, wanazungumza Kifaransa. Nikasema, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba alikufa kwa saratani ya shingo ya kizazi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ulimi wangu kuyatamka maneno hayo mbele ya mtu nisiyemjua. Mama Espérance akazima jiko. Akaenda akasukuma mlango wa jikoni ukafungika.

"Ilimuanza namna gani?"

Nikamweleza: damu isiyo na wakati wake, maumivu ya kiuno, uchovu. Nikamweleza kuhusu zile pedi. Alinisikiliza huku amekamata ukingo wa sinki. Mwishowe akasema, polepole, "Mimi niko naona damu. Ile ya mwezi ilikatikaka zamani, miaka mingi. Sasa imerudia. Nikasema, labda ni mwili tu."

"Umemwambia nani?"

"Nani?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Pasteur?"

Nilimwamsha Wambui. Akaja jikoni na soksi moja, akamuuliza maswali ya kinesi, mafupi, bila aibu wala huruma ya kupitiliza. Kabla hatujaondoka alikuwa amempatia kliniki na kumwekea miadi, na kumwapisha mbele yangu kwamba atakwenda. Alikwenda. Walikuta uvimbe, bado mdogo, haujatoka pale ulipoanzia. Wakamfanyia upasuaji. Mama Espérance yuko hai mpaka leo ninapoandika, na bado anakataza watu wasioge kabla ya kula.

Njia nzima ya kurudi Houston, ng'ombe kushoto na matangi ya mafuta kulia, Wambui akiendesha na kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya, nilikuwa na wazo moja. Kama nisingeyatamka yale maneno, Mama Espérance angenipa pole, angenipa na samaki wa kubeba, na tungeagana. Jina peke yake lilinipa mimi heshima ya kuomboleza. Halikumpa mtu mwingine chochote. Siku iliyofuata nilikwenda kwenye duka la kuchapisha fulana, la Mvietnam mmoja mtaani kwetu, nikamwagiza ya marathoni. Kifuani na mgongoni, kwa herufi nyeupe juu ya zambarau: DADA YANGU RUKIA. SARATANI YA SHINGO YA KIZAZI. PIMENI. Nilitaka iwe kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza maneno hayo hayamtishi mtu wa kwetu, yanapita kama tangazo la redioni. Nilitaka atakayeelewa asipate pa kujificha.

Mama mdogo aliikuta imetundikwa bafuni inakauka. Nilikuwa mezani nakula wali na maharage aliyonipakulia mwenyewe. Alikuja ameishika kwa ncha za vidole, maji yakidondoka kwenye zulia.

"Hii ni ya kuvaa wapi?"

"Kwenye marathoni, mama mdogo."

"Barabarani? Watu wasome?"

"Ndiyo. Wasome."

Alikaa. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Salma, unamvua nguo marehemu," alisema. "Umesikia wanavyouita huo ugonjwa. Wanasema ni wa wahuni. Mimi nimemstiri mtoto wa dada yangu kwa mikono hii, nimemwosha, nimemvika sanda. Wewe unamtoa uchi katikati ya mji. Na hawa binti zangu? Kesho nani atakuja kuposa kwenye nyumba iliyoandikwa kifuani?"

Binti yake mkubwa, aliyekuwa kwenye kochi na simu yake, akasema, "Mom, it's a virus. Anybody can get it."

"Wewe nyamaza."

"Mama mdogo," nikasema, "yeye mwenyewe aliniomba. Uliposema ni tumbo, ulisema kinyume cha alichotaka."

"Mgonjwa husema mengi."

"Nitaivaa."

"Basi hutaivaa ukitokea kwenye mlango wangu."

Niliporudi kutoka kazini kesho yake nikaikuta mifuko myeusi. Nguo zote zilikuwa zimekunjwa vizuri, zimepangwa, mpaka leso, na fulana ya zambarau imewekwa juu, imepigwa pasi. Nimeifikiria sana ile pasi. Sikuielewa wakati ule na sijui kama naielewa sasa. Nilikaa kwenye ngazi nikampigia mama yangu Tanga. Alikuwa ameshaambiwa yote, habari za kwetu hazihitaji viza. Nilijiandaa kubishana naye pia. Nilisikia kuku wa jirani yake, kisha akauliza, "Herufi zitakuwa kubwa?"

"Kubwa, mama."

"Haya," akasema. "Kimbia."

Wambui alinichukua nikae kwake Gulfton, kwenye chumba kimoja na sebule. Chini yetu paliishi familia iliyopiga muziki wa Kihispania tangu asubuhi, watoto wakiendesha baiskeli kwenye veranda hadi vyombo vyetu vinatikisika kabatini. Nililala kwenye godoro nyuma ya kochi. Tulikula ugali na sukuma, viazi vitamu vya kuchemsha kabla ya mazoezi, mayai baada yake. Picha ya fulana ile ilishasambaa kwenye kikundi cha WhatsApp cha Watanzania, sijui aliyeipiga ni nani. Mtu aliandika kwamba nimeuza aibu ya familia kwa Wazungu. Mwingine akaomba Mungu aniongoze. Wambui alikuwa akinisomea ujumbe mmojammoja huku akikuna mguu, na baada ya kila mmoja anasema, "Huyu naye aongezwe kwa wale tutawapita." Nilicheka mpaka nikalia, nikalia mpaka tukatoka kukimbia.

Siku ya marathoni, katikati ya baridi yetu fupi ya Houston, palikuwa na ukungu na watu wengi kuliko nilivyowahi kuona wamesimama pamoja. Mwanzo niliusikia mwili wangu mwepesi, hata nikamtangulia Wambui, naye akaniita mjinga kwa sauti ya juu. Watu waliopanga mstari barabarani walisoma maandishi yangu wakijing'ata ulimi, wakaishia kupiga kelele, "Go, Rukia!" Barabara nzima ikaniita kwa jina lake. Hilo sikuwa nimelitarajia. Alikuwa amezikwa chini ya neno lisilo lake, na sasa watoto wa Kizungu wenye kofia za sufu, wazee wa Kimeksiko, polisi aliyezuia magari, wote walikuwa wanamtaja yeye.

Kisha tukafika upande ambao watu wetu walikuja kutazama. Niliziona bendera, nikaziona nyuso ninazozijua. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, mtu aliyeheshimika, aliyewahi kunipa lifti nyingi, alikaribia ukingo wa barabara akasema kwa Kiswahili, "Binti, jifunike kifua. Unatudhalilisha." Alikuwa ameshika koti, amelinyoosha kwangu, kama mtu anayetaka kuficha ajali. Miguu yangu wakati huo ilikuwa imeshakufa ganzi na kucha mbili zimelegea. Kama ni kuacha, pale ndipo ningeacha. Nilipunguza mwendo nikasimama mbele yake, nikasoma kifua changu kwa sauti kubwa, neno kwa neno, mpaka PIMENI. Nyuma yake walisimama wanawake. Mmoja, mwenye mtoto mgongoni, alitoa simu yake akapiga picha, lakini hakunielekezea uso, alielekeza kwenye maandishi. Wambui akanifikia, akanisukuma begani. "Umemaliza hotuba? Twende."

Sehemu ya mwisho siikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka nilitembea, nilikimbia, nilimtukana Wambui, nikamwomba asiniache. Nakumbuka tulivuka mstari tumeshikana mikono na kwamba alikuwa analia akisema "Baba, baba" kwa Kikuyu. Mama mdogo hakuwapo. Nilimtafuta kwenye ule umati, sioni aibu kusema, na hakuwapo.

Alipiga simu majira ya kuchipua, miti ikianza kutoa maua. Hatukuwa tumezungumza tangu ile mifuko. Hakunisalimia vizuri. Alisema, "Salma. Kile kipimo. Kinauma?"

"Kidogo tu, mama mdogo. Kama kubanwa."

"Nesi ni mwanamke?"

"Nitahakikisha."

Nilimpitia kwa gari la Wambui. Alikuwa amevaa baibui lake jipya, kama anayekwenda harusini, na mkoba ameukumbatia. Njiani alizungumzia bei ya samaki. Kwenye chumba cha kusubiria alikaa wima, miguu pamoja, akitazama bango la mfuko wa uzazi ukutani kisha akihamisha macho. Nesi kijana alikuja akatuingiza kwenye chumba kidogo, akampima presha, akamuuliza kwa Kiingereza kama kuna mtu yeyote katika familia aliyewahi kuugua saratani. Nikafungua mdomo nimtafsirie. Mama mdogo akainua mkono kunizuia.

"Mwanangu mmoja," alisema, kwa Kiingereza chake cha kukatakata. "Saratani ya shingo ya kizazi."

Nesi akasema pole. Mama mdogo hakuwa amemaliza. Akakaa sawa kwenye kitanda kile kilichotandikwa karatasi, akavuta pumzi, na ingawa hakuna aliyemuuliza jina, akaanza kulitaja herufi moja moja, kwa sauti iliyotoka mpaka kwenye korido: "R. U. K. I. A."

Akasubiri mpaka nesi alipolirudia.